Picha Iliyo Mkononi mwa Mwenzio

Wako watu wasemao, na maneno yao twayasikia barazani, sokoni na hata baada ya darsa, kwamba mtu asiyetaka picha yake ienee na asikubali kupigwa picha. Akishakubali, wasema, amekwisha kuitoa, na kilichotolewa hakina mwenyewe. Maneno haya yana sura ya hekima, na ndiyo sababu yamekubaliwa na wengi bila ya kupimwa. Nataka tuyapime.

Tuanze na jambo alijualo kila mwenyeji wa Mombasa, Lamu au Malindi. Katika arusi zetu wanawake hukutana peke yao, milango ikafungwa, mabuibui yakavuliwa na nywele zikaachwa wazi. Mwanamke aliyekaa katika ukumbi ule hakuvua buibui lake mbele ya ulimwengu. Amelivua mbele ya wale waliomo tu. Idhini aliyoitoa ina mpaka, na mpaka wake ni kuta zile nne. Akitokea shoga yake akampiga picha kwa simu, naye akacheka, idhini ile haikupanuka. Amemruhusu shoga yake awe na ukumbusho. Hakumruhusu kaka wa shoga, wala mume wa shoga, wala fundi atakayeitengeneza simu hiyo mwezi ujao.

Hapa ndipo penye kosa la wasemaji wale. Wao huichukua idhini kuwa ni kitu kimoja kisichogawanyika, ama ipo yote, ama haipo kabisa. Lakini idhini za wanaadamu hazikuwa hivyo hata siku moja. Nikikukaribisha sebuleni sikukukaribisha chumbani. Nikikuazima baiskeli uende Kilindini sikukupa ruhusa ya kuikodisha. Sura ya An-Nur, katika aya ya 27 na ya 28, imetufunza kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu, na kurudi tukiambiwa turudi. Na imepokewa na Bukhari khabari ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (s.a.w.), akakemewa vikali, na ikaelezwa kuwa sharti ya kuomba ruhusa imewekwa kwa ajili ya jicho. Tulifikiri jambo hili. Mtu yule hakuingia wala hakuiba. Miguu yake ilikuwa nje. Alichokiingiza ni jicho, na hilo likatosha kuwa ni dhulma.

Watajibu: mtu mwema ana nini cha kuficha? Swali hili lina uovu ndani yake, maana ladai kwamba kila kisitiriwacho ni kibaya. Nyumba zetu zina mapazia milangoni, wala hakuna apitaye njiani akasema kuwa waliomo wafanya madhambi. Mtu hufunga mlango akila na wanawe, akilia kwa msiba wake, akimpaka dawa mzazi wake mgonjwa. Hayo si maovu, ni mambo yenye watu wake. Sitara si sawa na siri ya mwizi. Mwizi huficha kile ambacho wengine wana haki ya kukijua; mwenye kujisitiri huwanyima wengine kile wasichokuwa na haki nacho tangu mwanzo.

Hata wasiokuwa wa dini yetu walilifikia jambo hili. Mwaka wa 1890 huko Marekani, wanasheria wawili, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala mashuhuri katika jarida la sheria la Harvard wakitetea haki ya mtu ya faragha yake, na miongoni mwa mambo waliyoyalalamikia ni picha za papo kwa papo na magazeti yaliyojiingiza majumbani mwa watu. Kamera ndogo ya Kodak ilikuwa imeingia madukani miaka miwili kabla. Hata hivyo kamera ile ilikuwa na upole mmoja: picha yake ilikuwa karatasi, na karatasi yaweza kufungiwa sandukuni na ufunguo ukatiwa mfukoni.

Picha ya leo haikai sandukuni. Huwekwa katika kile kiitwacho wingu, na jina hili lapoteza watu, kwani hakuna kilichopaa. Picha husafiri kwa intaneti mpaka kwenye mitambo ya kampuni fulani, iliyojengewa majumba makubwa, mara nyingi katika nchi za mbali, na huko hunakiliwa zaidi ya mara moja ili isipotee mtambo mmoja ukiharibika. Simu nyingi hufanya kazi hii zenyewe kila siku zikishawekwa hivyo, na mwenye simu aweza kuwa alikubali mara moja tu, siku aliyoinunua, kwa kubonyeza neno asilolisoma. WhatsApp tangu Aprili 2016 huyafunga mazungumzo yote kwa hesabu za siri, hata kampuni yenyewe isiweze kuyasoma yakiwa njiani, na watu wengi wametulia kwa sababu hiyo. Lakini nakala ya akiba ya mazungumzo hayo hayo, iendayo kuhifadhiwa Google Drive au iCloud, haikuwa na kufuli hiyo mpaka Oktoba 2021, na hata tangu hapo kufuli hiyo ilitolewa kwa khiari: asiyeiwasha mwenyewe hakuipata. Yaani barua yafungwa njiani, kisha yaachwa wazi kabatini.

Sasa turudi kwa yule shoga mwenye picha. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, katika mlango wa wadia, wasema kwamba aliyewekewa amana akaenda akaiweka kwa mtu mwengine, bila ya idhini ya mwenyewe na bila ya udhuru, basi ameingia katika dhamana. Ikipotea, yeye ndiye mwenye kuulizwa. Hazingatiwi kuwa nia yake ilikuwa njema, wala kuwa yule wa pili ni mwaminifu. Mwenye mali alimwamini yeye, hakumwamini huyo mwengine. Sitoi fatwa hapa, na walio na elimu zaidi yangu watalipima. Lakini naona vigumu kuitenga picha na hukumu hii. Mwanamke yule alimwamini shoga yake. Simu ya shoga, usiku huo huo, wenyewe wamelala, imeichukua picha na kuiweka kwa mtu wa tatu ambaye mwenye uso hakumjua wala hakuulizwa. Naye shoga akiambiwa atasema, mimi sikumpa mtu yeyote. Kweli hakumpa kwa mkono wake. Alinunua chombo kitoacho, akakiacha kitoe.

Pengine mtu atasema kuwa mitambo haina macho, na picha kuwa miongoni mwa mamilioni ni sawa na kutoonekana. Lau mitambo ingekuwa haikosei, na wanaadamu wasingekuwa na hila, ningelikubali. Baada ya picha za siri za waigizaji wa Marekani kuenezwa mwaka wa 2014, mtu mmoja aliyepatikana katika uchunguzi, na akafungwa miezi 18 mwaka wa 2016, hakuwa amevunja mtambo wowote: aliwaandikia watu barua pepe zilizojifanya zimetoka Apple na Google, nao wakampa maneno yao ya siri kwa mikono yao. Desemba 2018 Facebook yenyewe ilitangaza kwamba kwa siku 12 za Septemba mwaka huo, kosa katika mitambo yake liliziachia programu za watu wengine picha za watumiaji wapatao milioni 6.8, zikiwemo picha ambazo wenyewe walianza kuzituma kisha wasizitangaze. Na Novemba 2019 baadhi ya watu walioomba nakala za hifadhi zao za Google Photos walipelekewa video za watu wasiowajua, na video zao zikenda kwa wengine. Hayakuwa makampuni ya wajinga haya. Ni makubwa kuliko yote, yenye mahandisi hodari.

Lakini nisiwatupie wageni lawama yote, maana aibu nyingi za miji yetu hazikuletwa na mtambo. Zililetwa na kidole. Picha hutoka kwa shoga ikenda kwa binamu, binamu akaitia katika kundi la jamaa, na katika kundi la jamaa hapakosi mtu mmoja aliye katika makundi mengine ishirini. Na ajabu ni namna inavyosafiri. Yule aipelekaye huiandikia maneno ya toba: audhubillahi, tazameni dunia ilipofika! Kisha huituma kwa watu mia. Huyu ameudhika kwa nywele zilizoonekana na watu thelathini wa ukumbini, na kwa kuudhika kwake amezionyesha kwa elfu. Lau angalikuwa na ghera kweli angaliifuta na kumnasihi kwa siri aliyempelekea. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza upelelezi na usengenyi katika kauli moja, wala sikuona pahali palipovuliwa usengenyi ufanywao kwa sura ya kukemea.

Kisha tazama ni nani aadhibiwaye. Uchumba wavunjwa, na binti ndiye aliyevunjiwa. Masomo yakatizwa, na ni ya binti. Mama yake haendi tena arusini kwa kuona haya. Ama aliyeipiga picha, na aliyeituma, na wale mia walioitazama kwa makini kabla ya kusema astaghfirullah, hao waendelea kukaa barazani na kahawa yao. Katika amana ya fedha hatufanyi hivi. Mtu akimwekea jirani yake shilingi elfu kumi, jirani akazila, hatumwambii aliyeibiwa kwamba asiyetaka fedha zake ziliwe asiwe na fedha. Twamwita mwekewa khaini, tena kwa sauti. Sijui uso wa binti umekuwaje ukawa na bei ndogo kuliko elfu kumi.

Sheria ya nchi imeliona jambo hili kwa sehemu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, yalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikafuata, na mwaka wa 2023 kamishna wake aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi, na pahali pamoja pa starehe jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini sheria hiyo imeyavua mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake, basi kundi la jamaa huweza kujificha nyuma ya mlango huo. Nayo sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, yenye adhabu ya hadi miaka 2 jela au faini ya shilingi 200,000, yazungumzia picha chafu na picha za utupu au za siri za mwili. Hakimu akionyeshwa mwanamke aliyevaa nguo nzuri, kichwa wazi, anacheka, ataiona siri wapi? Sheria haijui kwamba kwa mwenyewe nywele zile ni sitara. Sisi twajua. Kwa hivyo pale inapokomea mahakama ndipo panapoanza wajibu wetu, wala hatuwezi kumngojea polisi atufundishe heshima ya dada zetu.

Yako mambo madogo ambayo yatupasa kuyajua. Kuifuta picha katika simu yako hakuifuti katika simu ya uliyempelekea. Picha iliyohifadhiwa Google Photos ukiifuta hukaa katika pipa la taka siku 60 kabla ya kutoweka. Picha huweza kubeba ndani yake namba za pahali ilipopigwa. Mwaka wa 2012 jarida moja lilichapisha picha ya John McAfee, tajiri aliyekuwa akijificha, na namba hizo zikamfichua kuwa yuko Guatemala. Simu ikipelekwa kwa fundi, akaunti na zitolewe kwanza kama yawezekana, na neno la siri asipewe ila kwa dharura, tena mbele ya mwenyewe. Na picha yenye watu watano ina wenyewe watano: ruhusa ya mmoja haiwatoshi wanne. Hili la mwisho ndilo gumu kwa vijana, nao wasilaumiwe sana, kwani hakuna aliyewafunza.

Watoto wachanga wana mas-ala yao. Mzazi humtangaza mwanawe akioga, akilia, akiumwa, na mtoto hana ulimi wa kukataa. Ruhusa ya mzazi ni ya usimamizi, kama usimamizi wa mali ya yatima: ni ya kumfaa mtoto, si ya kumfurahisha msimamizi.

Ama kumbi za arusi, baadhi ya jamaa wameanza kuzikusanya simu mlangoni na kuzirudisha watu watokapo. Wazee wengine walicheka. Mimi naliona ni jambo jema, ila laacha pengo moja kubwa. Mpiga picha wa kukodiwa huingia na kamera yake, na kesho yake picha zote mia tano huzituma kwa familia kwa kiungo cha wingu, ambacho kila akipataye aweza kukifungua. Wenye arusi humuuliza bei yake, humuuliza atafika saa ngapi. Wamuulize pia picha zitahifadhiwa wapi, ni nani mwengine afanyaye kazi katika kompyuta yake, kiungo kile kitafungwa siku gani, na zile zilizobaki kwake atazifuta lini. Na majibu yake yaandikwe katika mapatano kabla hajapewa arubuni.