Safu ya "Baba"

Ukijifunza kutengeneza programu zinazotumia hifadhidata, mapema tu unafundishwa kupanga maisha kwenye majedwali yanayohusiana: mtu, ndoa, mtoto. Wazo la Edgar Codd hilo, la mwaka 1970. Safi kabisa. Lakini mimi najifunzia Tarime, na huku Wakurya wana nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Sasa kwenye safu ya "baba" niandike nani? Sheria ya Ndoa ya 1971 inajua mume na mke tu. Nikiacha wazi, kompyuta hainuni. Ila pengo hilo, jamani, ni mtoto wa mtu. Na yule binti je, aliulizwa? Kuandika siyo kubariki. Lakini asiyeandikwa, nani atamtetea?