Zimamoto Anaanza Kazi Mwezi wa Tano

Wajukuu zangu, juzi jioni mlikuja saba, mkakaa kwenye gogo hili la mninga, mkaniambia mnataka kuunda kikosi cha zimamoto cha kijiji. Mkataja helmeti, mkataja makoti yanayong'aa, na mmoja wenu akaniuliza kama halmashauri inaweza kutupatia gari. Sikuwajibu papo hapo, maana jambo hili nimelibeba moyoni miaka mingi na sikutaka kulisemea harakaharaka. Leo nawajibu. Nawaunga mkono kwa moyo wangu wote. Lakini kabla ya helmeti, sikilizeni kazi yenyewe imetoka wapi, kwa sababu hamuanzishi kitu kipya. Kikosi hicho kilikuwepo kabla hamjazaliwa, tena hakikuwa na jina.

Zamani wazee wetu Wakonongo walikaa mbalimbali, kila mji na uwanja wake uliofyekwa. Nyumba ikiungua, iliungua peke yake. Miaka ya 1920 ugonjwa wa malale ukawatesa watu wa magharibi, na serikali ya Waingereza ikawatoa wengi porini kwenye mbung'o ikawakusanya mahali pamoja. Baadaye, kati ya 1973 na 1976, ikaja Operesheni Vijiji, nyumba zikapangwa kwa mistari, paa za nyasi zikasogeleana. Hapo ndipo moto wa mtu mmoja ulipokuwa wa watu wote. Cheche ikitoka jikoni kwa fulani, upepo unaipeleka kwa jirani kabla mwenye nyumba hajatoa watoto nje.

Kazi ya kuuzima watu walijifunza bila kufundishwa na mtu. Mwanamke akipiga yowe usiku, ukisikia tu unajua hili ni la msiba au la moto; sauti zake hazifanani. Kinamama walitoka na ndoo na mitungi, hakuna aliyengoja kuambiwa. Vijana hawakupanda nyumba inayoungua. Hilo ndilo ninalotaka mlishike, kwa sababu damu ya ujana inamvuta mtu kwenye mwali. Walipanda nyumba ya pili na ya tatu upande ule upepo unakokwenda, wakazivua nyasi kwa mikono na kwa fito zenye ndoana, wakabakiza miti mitupu. Blanketi na mikeka ililoweshwa maji ikatandazwa kwenye paa ambazo hawakuwahi kuzivua. Mwenye nyumba ya tatu aliwaangalia watu wanabomoa paa lake zima na akanyamaza, maana alijua kesho watu walewale watakuja na nyasi mpya kuliezeka. Yeyote atakayekuwa kiongozi wenu, awe na moyo wa kumwambia jirani: tunalivua paa lako sasa hivi.

Miaka ya mwanzo ya 1980 sungusungu walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, wakaenea mpaka huku. Walikuja na filimbi, na kila nyumba ikatoa mtu. Asiyetoka alitozwa faini. Filimbi ile ile ilituita kwenye moto. Siwafichi, sungusungu walikuwa na ubaya wao. Kuna watu walipigwa bila hatia, na jambo hilo msiliige. Chukueni utaratibu: orodha ya majina, zamu, na ishara moja inayojulikana na mtoto mdogo na bibi kizee.

Sasa nije kwenye moto kichaa, ule wa porini, kwa sababu hapa kwetu Inyonga tunaishi kwa asali.

Nilipokuwa na umri wenu nilikwenda kurina mizinga ya baba yangu. Tulikuwa hatuna mabomba ya moshi kama mnayotumia leo. Tulipanda mtini na kienge, mwenge wa magome na nyasi kavu. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua kali, mitundu imeanza kutoa maua. Nilimaliza, nikakitupa kienge chini, nikakikanyaga mara mbili, nikaondoka na ndoo zangu nikifurahi. Sikukimwagia maji. Sikukifukia kwa mchanga. Usiku ule nikiwa kambini niliona anga upande nilikotoka limekuwa jekundu kama chungu kilichotoka tanuruni. Tulipofika asubuhi mizinga ya mzee mmoja, jirani yetu wa porini, ilikuwa imeanguka, mingine ikingali inafuka moshi, nta imeyeyuka imeshika kwenye majivu. Nyuki walikuwa wamelala chini, weusi, wengi kuliko ninavyoweza kuwaambia. Yule mzee hakunipiga. Aliniuliza tu: "Ulikimwagia maji?" Nilishindwa kumtazama usoni. Nilimchongea mizinga misimu miwili kumlipa, na mpaka leo swali lake nalisikia kila ninapoona moshi.

Kwa nini mwezi wa kumi unaua namna hiyo? Mwezi wa tano na wa sita nyasi zimekauka nusu tu, chini bado kuna unyevu, usiku kunashuka umande. Moto ukiwashwa jioni wakati huo unatembea taratibu, unafika magotini, na saa nne za usiku unajifia wenyewe. Ukiungoja mpaka mwezi wa tisa au wa kumi, nyasi ni kavu kama karatasi na zimekuzidi kimo, moto unapanda unaunguza matawi na maua yaleyale ambayo nyuki wanayasubiri, na miche inayochipua inakufa mpaka juu ya mizizi.

Jambo hili wasomi nao walilipima. Huko Ndola, Zambia ya leo, tangu miaka ya 1930 waligawa msitu wa miombo vipande: kimoja walikichoma mapema kila mwaka, kingine walikichoma mwishoni mwa kiangazi, kingine wakakilinda kisiguswe na moto kabisa. Kile cha kuchomwa mapema kilibaki msitu. Kile cha kuchelewa, miaka ilivyopita, kiligeuka uwanda wa nyasi na miti michache. Na Shinyanga, miaka ya 1920, Swynnerton aliyekuwa akipambana na mbung'o aliwaomba watu wazuie moto mpaka nyasi zikauke kabisa ndipo wachome kwa pamoja, kwa makusudi, ili vichaka vife. Mnaona wenyewe. Aliyetaka kuliua pori alichagua mwezi ule ule ambao sisi tunauchagua kwa uzembe.

Ndiyo maana nasema kikosi chenu kianze kazi mwezi wa tano. Msikae mkisubiri yowe. Chomeni mapema pembezoni mwa mashamba na kando ya njia, fyekeni mkuza wa kuzuia moto kuzunguka kambi za nyuki, safisheni chini ya kila mzinga hatua tano kila upande. Lakini msiwashe kiberiti bila kibali. Sheria ya Misitu ya 2002 inataka hivyo, nanyi mkichoma kiholela mtakuwa mnafanana na mimi wa enzi zile. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji, mshirikisheni afisa misitu, waambieni majirani siku na saa. Chama cha Wafuga Nyuki Inyonga kina watu wanaolijua pori la Mlele kuliko ramani. Kaeni nao kabla hamjakaa na mtu mwingine yeyote.

Na moto ukiwa umeshatoka, jifunzeni kuupiga. Kata tawi bichi lenye majani mengi. Usilinyanyue juu ya kichwa ukalipigiza, maana utarusha cheche nyuma yako. Libandike juu ya mwali, likandamize, livute kuelekea kule kulikokwisha kuungua. Simama upande mweusi daima. Upande wa nyasi usimame tu ukiwa na pa kukimbilia. Anzeni mkiani mwa moto, mkienda ubavuni, watu wawili wawili, na awepo mmoja asiyepiga chochote, kazi yake kutazama upepo. Nimeona vijana hodari wakizungukwa kwa sababu wote waliinama.

Mnaniuliza habari za gari. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo kwa sheria ya 2007, namba yao ni 114, na piga namba hiyo kila mara, usione aibu. Lakini kutoka Mpanda mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 100, na paa la nyasi linamalizika kabla hujamaliza kueleza uko wapi. Hata Kilimanjaro, Oktoba 2020, moto ulipowaka zaidi ya wiki, mamia ya watu walipanda mlima kuuzima kwa miguu, askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha Mweka na wanavijiji, wengi wakiwa na matawi na majembe. Marekani kule Philadelphia, mwaka 1736, Benjamin Franklin na wenzake waliunda kikosi cha majirani, na sharti lao lilikuwa kila mwanachama awe na ndoo zake za ngozi tayari nyumbani. Chile mpaka leo wazimamoto wake ni watu wa kujitolea. Basi msione haya kuanza na ndoo.

Moja la mwisho linawahusu ninyi wa bodaboda. Barabarani sasa yanapita malori ya mafuta. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wengi walikuwa rika lenu. Lori likianguka, kazi ya kikosi ni kuwarudisha watu mbali, kwa kelele, kwa filimbi, hata kwa kuchukiwa. Na zile chupa za petroli zinazouzwa dukani jirani na jiko la mkaa, kaongeeni na wenye maduka kwa adabu, mmoja mmoja. Mkiwaendea kwa vitisho watazificha uvunguni, na huko ni kubaya zaidi.

Jana asubuhi nilikwenda mbugani, nikashika nyasi nikazikunja mkononi. Zikikatika kwa mlio, umechelewa. Hizi ziliinama, zikarudi. Nadhani tuna wiki mbili. Kesho mmoja wenu aende kwa mtendaji kuulizia kibali, wengine njooni na mapanga alfajiri, tuanze na upande wa mizinga ya mama mjane, kwa sababu kwake ndiko upepo wa kusi unakopitia.