Je, Ni Dhambi Kumtibu Mbwa Wakati Ada ya Watoto Haijalipwa?



Mwezi huu nilikusudia kuwaandikia juu ya maombi ya nyumbani. Lakini kuna swali moja ambalo nililijibu vibaya miezi michache iliyopita, na nimeona si haki kuwafundisha jambo jingine kabla sijalirudia hilo. Baadhi yenu mnalifahamu. Mama aliyeniuliza ameniruhusu kuliandika bila kumtaja jina.

Mama huyu ni mjane mwenye watoto wanne, anaishi hapa Kator upande wa soko la Konyokonyo. Alikuwa na mbwa wa kulinda nyumba. Ninyi mnaoishi upande ule mnajua usiku wetu ulivyo, na nyumba isiyo na mwanamume inahitaji kitu cha kubweka. Usiku mmoja mtu alijaribu kuruka ua, mbwa akamzuia, naye akamkata mbwa mguu kwa panga. Baada ya siku mbili jeraha lilianza kunuka. Daktari wa mifugo alimtajia mama bei ya kusafisha, kushona na kuchoma sindano kwa siku tatu. Bei hiyo ilikuwa karibu sawa na ada ya muhula ya mtoto mmoja.

Jumapili akanisubiri mlangoni baada ya ibada. "Pasta," akasema, "nikimlipia mbwa na ada haijalipwa, sitakuwa nimetenda dhambi?"

Nikamjibu nikiwa nimesimama, kwa sababu wengine walikuwa wananisubiri: "Mama, mbwa ni mbwa. Watoto kwanza."

Alinitii. Na kwa kuwa hakuweza kumtazama mnyama yule akioza uani, alimfungua kamba akamwacha aende zake. Siku ya nne, mbwa akiwa na njaa na maumivu, alimuuma mkononi mtoto wa jirani mwenye miaka saba. Vijana wakampiga mawe mpaka akafa.

Hapo tukajifunza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Mbwa akimuuma mtu, na mbwa huyo akafungwa na kuangaliwa kwa siku 10, mwisho wa siku hizo unaweza kujua. Kama alikuwa na kichaa cha mbwa wakati anauma, ataugua na kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, hofu inaisha. Mbwa wetu alikuwa amekwisha kuuawa na kutupwa. Kwa hiyo mtoto alipaswa kupata sindano zote, moja baada ya nyingine kwa majuma kadhaa, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Tulipitisha kikapu kanisani mara mbili, na familia mbili zikakopa. Mtoto ni mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini fedha tulizotumia zilikuwa mara kadhaa ya zile alizotaka daktari wa mifugo.

Sasa nauliza tena, na safari hii nimeketi: mama yule alipaswa kufanya nini?

KWA NINI BEI IMEPANDA

Kwanza tusiwalaumu madaktari wa mifugo bure. Dawa karibu zote zinatoka nje na kuingia kwa njia ya Nimule. Zinanunuliwa kwa dola, na sisi tunalipa kwa pauni. Wenye umri mkubwa mnakumbuka kwamba hadi Desemba 2015 dola moja ilihesabiwa rasmi kwa pauni karibu 3. Serikali ilipoiacha pauni ielee, ikashuka mara moja hadi zaidi ya 18, na haijasimama tangu hapo. Februari 2024 bomba la mafuta linalopita Sudan lilipopasuka, nchi ikakosa dola na pauni ikashuka zaidi. Tena chanjo lazima ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Katika mji ambao umeme ni wa jenereta, baridi hiyo nayo inanunuliwa kwa bei ya mafuta.

Shida hii si ya Juba peke yake. Jamaa zetu waliohamishiwa nchi za mbali hutusimulia, nasi tukidhani ni mzaha, kwamba huko watu hulia mbele ya daktari wa wanyama kwa sababu ya bei. Si mzaha. Nchini Uingereza mamlaka ya ushindani wa biashara ilianza mwaka 2023 kuchunguza bei hizo. Ilionekana kwamba makampuni makubwa, yaliyokuwa na kama asilimia 10 ya zahanati za wanyama mwaka 2013, yalifikia karibu asilimia 60 mwaka 2021. Wako wenye mbwa na paka huko wanaoomba mnyama wao auawe kwa sababu tu hawawezi kulipia tiba. Swali la mjane wa Kator ni swali la watu wengi.

MAANDIKO YANASEMA NINI?

Nilipofika nyumbani nilifungua Mithali 12:10. Tumezoea kuusoma mstari huo kama agizo la kuwa na huruma tu. Lakini chuoni mwalimu wetu wa Kiebrania alituonyesha kwamba neno lililotumika pale ni "kujua". Mwenye haki anaijua nafsi ya mnyama wake. Yaani anamtazama. Anajua amekula au hajala, anachechemea au anatembea vizuri, ana kupe au hana. Hayo yote hayahitaji dola. Kuosha jeraha kwa maji safi yenye chumvi, kumfunga kivulini, kumpa maji, kuondoa funza, ni kazi ya mikono na macho. Mimi nilimwambia mama achague kati ya kulipa na kuacha. Nilisahau kwamba kati ya hayo mawili kuna kazi nyingi.

Pili, tusome 2 Samweli 12. Nabii Nathani alipotaka kumwonyesha Daudi dhambi yake, alisimulia juu ya maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja, aliyemlea pamoja na watoto wake, akimlisha chakula chake mwenyewe na kumlaza kifuani. Angalieni kwamba katika hadithi ile hakuna anayemlaumu maskini kwa kumpenda mnyama katika nyumba yenye upungufu. Anayehukumiwa ni tajiri aliyemnyang'anya. Kwa hiyo tusiwacheke wenye paka au mbwa kambini tukisema, "Huyu hana unga lakini ana mbwa." Mtoto aliyepoteza nyumba, shule na marafiki anaweza kuwa amebakiwa na kiumbe kimoja kinachomkimbilia akirudi.

Tatu, na hapa ndipo nilipoumia, ni Kutoka 21:28-29. Sheria ya Musa inasema juu ya ng'ombe anayepiga watu kwa pembe. Ng'ombe akiua mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikwisha kuonywa kwamba ng'ombe wake ni hatari, naye hakumfunga, hatia ni yake. Basi mnyama si mali yangu tu, wala huruma yangu tu. Ni deni langu kwa jirani. Ukifuga mbwa, jirani yako anabeba sehemu ya hatari bila kuulizwa. Tiba na chanjo ya mbwa wako ni sehemu ya kumpenda mtoto wa jirani yako.

LAKINI WATOTO JE?

Najua mtaniambia: Pasta, 1 Timotheo 5:8 inasema kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Ni kweli, wala siyafuti hayo. Fedha zikitosha jambo moja tu, na mtoto ana malaria, fedha ni za mtoto. Mtu asiumizwe dhamiri kwa hilo.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa katika hali hiyo. Desemba 2008 waasi wa LRA walipoishambulia Faradje siku ya Krismasi, tulikimbia porini usiku kuelekea mpaka wa Sudan. Mbwa wa baba yangu alitufuata. Baba mdogo akasema, "Akibweka tutakufa wote." Nikamrushia mawe, yeye akadhani tunacheza, akarudi tena na tena. La mwisho lilimpata. Hakurudi. Tuliishi Lasu miaka mingi baada ya hapo, hadi vita vya 2016 vilipotusukuma huku Juba, na bado siwezi kusema kwamba nilitenda dhambi usiku ule. Watoto walikuwa mgongoni mwa mama zao. Lakini pia sijawahi kulihubiri kama tendo jema. Ilikuwa lazima, nikalia. Kosa langu kwa mjane yule ni kwamba nilimpa jibu la usiku wa kukimbia, wakati yeye hakuwa anakimbia. Alikuwa na siku mbili tatu, alikuwa na kanisa, alikuwa na majirani. Nilimwambia "watoto kwanza", na aliyeumwa alikuwa mtoto.

Bei inapopanda hatusamehewi wajibu, ila tunaambiwa kwamba mtu mmoja hawezi kuubeba peke yake. Yule mama aliuliza swali la kanisa zima, mimi nikalirudisha mfukoni mwake.

TUFANYE NINI BASI?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee wa kanisa na mimi tumekubaliana haya, tunawaomba myapime:

1. Chanjo kwa pamoja. Kuna chupa za chanjo ya kichaa cha mbwa zenye dozi 10. Chupa ikifunguliwa kwa mbwa mmoja tu, zinazobaki huharibika, na mwenye mbwa hulipia yote. Safari ya daktari na barafu yake nayo ni moja, awe mbwa mmoja au thelathini. Tukiwaleta mbwa wote siku moja uani mwa kanisa, kila nyumba italipa kidogo. Nasi tusiwaache majirani wetu wasio wa kanisa letu, maana ugonjwa hauulizi dhehebu. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kisiwa cha Pemba kiliuondoa kwa njia hiyo mwaka 2014. Uliporudi mwaka 2016, wakachanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 ukaisha. Ni watu kama sisi.

2. Tusifuge zaidi ya tunavyoweza kuwajua. Mbwa mmoja aliyechanjwa na kulishwa ni mlinzi. Mbwa watano wanaotafuta chakula jalalani ni hatari tuliyoiweka wenyewe njiani. Mwaka 2024 ndugu zetu wa kambi ya Bentiu walipata taabu kubwa ya watu kuumwa na mbwa na ya kichaa cha mbwa. Tusisubiri ifike kwetu.

3. Asiyeweza, aseme. Ukiwa na mnyama mgonjwa na huna fedha, usimfungue kamba usiku. Njoo kwa mzee wa kanisa. Fungu dogo la kikapu cha Jumapili ya mwisho wa mwezi litatengwa kwa ajili hiyo. Na kama hakuna tumaini la kupona, si dhambi kumwita mtu anayejua akatishe maumivu yake upesi. Kumtupa barabarani tukasema "Mungu atamwangalia" ndiko kunakotuletea hatia.

4. Mtu akiumwa. Osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Mbwa anayejulikana asiuawe kwa hasira. Afungwe kwa uangalifu, aangaliwe siku 10, na daktari wa mifugo aarifiwe.

Kwa habari ya gharama, Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba tiba ya mtu mmoja aliyeumwa ni wastani wa dola 108. Ni nani kati yetu anayezipata hizo kwa mwezi? Chanjo ya mbwa ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Anayeona kwamba tunatupa fedha za kanisa kwa mbwa na ahesabu tena.

Mwisho, niliende kwa mama yule nikamwomba msamaha. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Pasta, mimi nilikuwa najua. Nilitaka tu mtu aniambie naweza." Maneno hayo yamenikaa. Mara nyingi watu hawaji kwetu kwa sababu hawajui lililo jema. Wanakuja kwa sababu hawana nguvu ya kulifanya peke yao.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni: Ni mnyama gani anaishi kwetu, na nani kati yetu anamjua? Je, jirani yetu analala kwa amani kwa sababu ya mbwa wetu, au anamwogopa?

Bwana, ambaye katika kitabu cha Yona aliwakumbuka hata wanyama wa Ninawi, azikumbuke nyumba zenu.

Wenu katika Kristo,
Mchungaji wenu, Kator