Ulizeni Kwanza Nyumbani

Wajukuu wangu, nyinyi mnaosoma vyuoni hapa Eldoret na nyinyi wa boda kule Langas na Huruma, juu ya bangi mmeshahubiriwa hadi masikio yamechoka. Leo nasema juu ya vitu vinavyomfanya mtu aone yasiyokuwepo, na naanza na kisichouzwa.

Kandokando ya mashamba ya mahindi huota mmea wenye maua meupe ya umbo la tarumbeta na tunda la miiba. Kiswahili chake ni mnanaha. Wakulima huung'oa wakati wa palizi, na ng'ombe mwenyewe huukwepa. Mbegu zake ndizo zilizochanganyika na chakula cha msaada huko Karamoja, Uganda, Machi 2019: watu zaidi ya 300 wakaugua, watano wakafa. Hao hawakutafuta starehe, walikunywa uji.

Basi anayezitafuna kwa hiari atajipimia vipi? Sumu yake, atropini na skopolamini, hutofautiana mmea kwa mmea. Tena hupunguza mwendo wa tumbo, kwa hiyo hukawia kupanda. Kijana akiona kimya huongeza, na hapo ndipo wengine hujimaliza. Mdomo hukauka, mboni hupanuka, mkojo hufunga, mwili huwaka bila jasho, moyo huenda mbio. Atazungumza na watu wasiokuwepo wala asijue hawapo, siku moja, mbili, pengine zaidi. Mwenzenu akifika hapo msimfungie chumbani mkingoja sumu imwishie. Mkimbizeni Hospitali ya Rufaa ya Moi, mbebe na mmea wenyewe, mseme kweli. Daktari hatafuti kesi, anatafuta kujua anatibu nini.

Uyoga wa kwenye mavi ya ng'ombe na vile vikaratasi vya LSD ni habari nyingine. Haviui upesi kama mnanaha, na sitawadanganya, kwani mzee akitia chumvi mara moja hasikilizwi tena. Ila wapo wanaobaki miezi, hata miaka, wakiona vivuli na mianga inayofuata kila kitu. Na mwenye ugonjwa wa akili wa skizofrenia katika ukoo wake anaweza kuuamsha. Ugonjwa huo hupenda kuanza mtu akiwa kati ya miaka 16 na 25 hivi, umri wenu huo huo.

Sasa nani atakwambia kama ukoo wako unao? Muuza vikaratasi hamjui babu yako. Kwetu huku mgonjwa wa akili hufichwa: amerogwa, ana laana, alienda mjini hakurudi. Kaa na shangazi, kaa na mjomba, uliza waziwazi ni nani aliyeugua, na alikuwa na umri gani. Ukiambiwa yupo, hata bangi usiionje. Na ukianza kukosa usingizi siku nyingi, kushuku kila mtu au kusikia sauti, nenda kliniki mapema. Matibabu yapo, na yakianza mapema husaidia zaidi.

Shangazi na wajomba wenu wakinyamaza, niiteni nije niwaulize mimi. Ni wadogo zangu hao.