Daftari la Wateule



Katika madarasa ya kipaimara swali hili halikosi kuulizwa: ikiwa Mungu amekwisha kuwachagua walio wake, twahubiri ya nini? Swali hili si geni. Ndugu zetu Wabaptisti walihangaika nalo muda mrefu, na habari yao yatufaa na sisi.

Huko Uingereza, katika karne ya 17, Wabaptisti walikuwa makundi mawili. Yote yalikubaliana kwamba abatizwe yule tu aliyeungama imani mwenyewe. Lakini kundi moja lilifundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote. La pili lilishika mafundisho ya Calvin juu ya uteule, ijapokuwa Calvin mwenyewe alikubali ubatizo wa watoto wachanga.

Baadaye wengine wa kundi la pili walipita kiasi. Walisema si halali kumwita kila mwenye dhambi atubu, maana pengine si mteule. Ndipo mchungaji wao Andrew Fuller, mwaka 1785, alipotoa kitabu kuonyesha kwamba kuiamini Injili ni wajibu wa kila aisikiaye, basi yapasa ahubiriwe kila mtu. Fundisho la uteule hakuliacha. Mwaka 1792 yeye na William Carey, fundi viatu aliyepata pia kuwa mwalimu wa shule, pamoja na wenzao, walianzisha chama cha misioni mjini Kettering. Mwaka uliofuata Carey alisafiri kwenda Bara Hindi. Waanglikana nao walianzisha CMS mwaka 1799, na mtumishi wake Krapf alifika Mombasa mwaka 1844.

Tusiwacheke wale waliopita kiasi. Hata Ibara ya 17, katika zile Ibara 39 za Kanisa letu, yanena juu ya uteule. Tena sisi tulioshika chaki miaka mingi twalijua kosa lao, kwa kuwa tulilitenda. Wiki ya kwanza ya muhula tulitazama nyuso za watoto, tukasema moyoni: huyu atafaulu, yule hapana. Mmoja tukamfundisha, mwingine tukamwacha akitazama dirishani. Daftari la majina lilikuwa mkononi mwetu. Mwisho wa mtoto haukuwa mkononi mwetu. Wengine wao tumekutana nao ukubwani, na aibu ni yetu.

Hata sasa, jirani akiacha kuja kanisani, twasema, "Kama ni wa Mungu, atarudi mwenyewe." Maneno haya yana sura ya imani, kumbe ni uvivu. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 18. Bwana alimwambia Paulo asiogope kunena, kwa sababu alikuwa na watu wengi katika mji wa Korintho. Paulo hakusema, "Basi watakuja." Alikaa mwaka mmoja na nusu akiwafundisha.

Jumapili hii, baada ya ibada, kila mmoja wetu na apige hodi katika nyumba moja tuliyokwisha kuifuta katika daftari letu. Daftari la Mungu hatujaliona.