Hakuna Anayeghushi Ngata

Jioni moja mzee jirani yangu alikuja na kipande cha kitenge kilichochakaa, kimefungwa fundo. Tulikaa barazani. Ziwa lilikuwa limetulia, na harufu ya ndakala walioanikwa ilikuwa inapanda kutoka ufukweni. Alifungua fundo bila haraka. Ndani mlikuwa na sarafu ya njano: upande mmoja tembo ameinua mkonga mbele ya mlima, upande wa pili tai, na chini ya tembo mwaka 1916 na herufi T.

"Mwanangu, wewe unasoma vitabu. Hii ni dhahabu au si dhahabu?"

"Baba, uliipata wapi?"

"Niliikuta kwenye vitu vya marehemu baba yangu. Na baba yake alikwenda vita ya Tabora."

Sarafu ya namna hiyo ipo kweli. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamefungiwa njia ya bahari na fedha kutoka kwao ilikuwa haifiki. Katika karakana ya reli mjini Tabora walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakapiga sarafu za rupia 15. T ni ya Tabora. Zilitoka 16,198 tu, na tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, ikauteka mji. Mjukuu wa mtu aliyefika Tabora kuwa na sarafu ya Tabora si jambo la ajabu. Hapo ndipo penye mtego: kitu bandia huwa hakijitegemei. Huegemea jambo la kweli.

Kesho yake tulikwenda kwa mnunuzi wa dhahabu mwenye mizani ndogo. Sarafu halisi ina uzito unaozidi kidogo gramu 7, robo tatu yake ikiwa dhahabu safi. Ya mzee ilisoma gramu 4 na kitu. Shaba ya njano inaweza kuiga rangi ya dhahabu, lakini ikiwa na umbo lilelile haiwezi kuiga uzito wake. Tukaitazama kwa kioo cha kukuza. Palikuwa na vitundu vidogo kama vya mapovu, na ukingoni mstari mwembamba ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Sarafu ya Tabora haikusubiwa. Ilipigwa kwa mhuri.

Mzee alinyamaza. Nami nilitamani mizani iwe imekosea.

Wanaokusanya vitu vya vita wana elimu yao, na elimu yenyewe ni nzuri. Kutu ya miaka mia ni nyeusinyeusi na imeshikamana na chuma. Kutu ya juzi, iliyoharakishwa kwa chumvi na tindikali, ni nyekundu na inapukutika. Bunduki ya zamani hupigwa nambari kwenye sehemu zake kadhaa, kwa hiyo nambari zisipolingana ujue imeunganishwa kutoka kwa maiti za bunduki nyingine. Skrubu iliyochubuka kichwa imewahi kufunguliwa. Kitako hulika pale mkono ulipokishika, si pale msanii alipoona panapendeza. Anayezijua Albini za risasi moja na Mauser za 1889, silaha walizobeba askari wa Force Publique, huzikagua kama daktari anavyompapasa mgonjwa.

Lakini kila kipimo kina mahali kinaposhindwa, na hapo ndipo fikra zangu hukaa. Chukua nguo. Kitambaa kilichofumwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hakikuwa na zile kemikali za kung'arisha weupe, kwa hiyo ukikimulika kwa taa ya urujuanimno gizani, hakiwaki. Cha siku hizi huwaka rangi ya samawati. Ni kipimo chepesi. Sasa mfikirie mjane aliyelitunza koti la marehemu mumewe, akawa analifua kila mwaka kwa sabuni ya unga ya dukani. Sabuni ile imeacha kemikali zake kwenye nyuzi. Iwashe taa: koti halisi linawaka kama la bandia. Upendo wa mjane umefuta ushahidi. Nguo iliyotupwa stoo ikasahauliwa inafaulu mtihani, iliyopendwa inafeli.

Ziwa letu lenyewe, Tanganyika, lina mafumbo ya namna hiyo. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikavunjwavunjwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, mitambo yake wakiwa wameipaka mafuta mazito. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina jipya, jina la kale la ziwa. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Jina si lile, moyo si ule, bendera si ile. Hata hivyo sijasikia mvuvi wa hapa Kalemie akiiita bandia. Ameiona ikipita, na baba yake aliiona ikipita. Uhalisi wake uko katika kuendelea.

Ila hata kitu halisi hubambikwa hadithi isiyo yake. Wageni huambiwa kwamba Liemba ndiyo meli ya filamu ya The African Queen ya mwaka 1951. Vita vya ziwa hili vilimpa mwandishi wa riwaya wazo, ni kweli, lakini filamu ilipigwa Uganda na kwingineko Kongo, si kwenye Tanganyika. Hapa chuma ni cha kweli na maneno ndiyo yaliyosubiwa kwenye kalibu. Mizani ya mnunuzi wa dhahabu haipimi maneno.

Na kuna kinyume chake, ambacho hunichekesha kila nikikikumbuka. Waingereza walileta boti zao mbili, Mimi na Toutou, kwa reli na kwa kukokotwa porini hadi hapa kwetu kwenye mdomo wa Lukuga. Mkuu wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, siku ya tarehe 26 Desemba 1915, akaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari iliyofuata. Lakini Juni 1916 alipofika mbele ya ngome ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, aliona mizinga ukutani, akageuza boti. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka. Baadaye ikagundulika kwamba mizinga ile ilikuwa ya mti.

Fikiri mmoja wa mizinga ile ungepatikana leo. Ni bandia, ulichongwa ili kudanganya. Lakini ni mali halisi ya vita kuliko mizinga mingi ya chuma ambayo haikumtisha mtu. Na fundi wa leo akichonga mwingine kama huo, atakuwa ameghushi bandia. Kwa hiyo swali la uhalisi haliulizi kitu kinajifanya nini. Linauliza: ulikuwapo?

Hata hivyo, kuwapo peke yake hakutoshi kukisafisha kitu. Lugha yetu imeweka maneno mawili karibu sana, uhalisi na uhalali, kana kwamba inatuonya tusiyachanganye. Desemba 1884, kutoka kituo chake cha Mpala, kusini mwa hapa, Mbelgiji Émile Storms aliwatuma watu wake dhidi ya chifu Lusinga. Lusinga aliuawa, kichwa kikakatwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, na sanamu aliyoimiliki, iliyochukuliwa pia, iko hadi leo katika jumba la makumbusho la Tervuren. Asili ya sanamu hiyo imeandikwa. Hakuna mtaalamu atakayeitilia shaka. Ni halisi kabisa. Na kinachothibitisha uhalisi wake ndicho hichohicho kinachouchafua uhalali wake: tunajua imetoka wapi kwa sababu tunajua ilivyochukuliwa.

Siku ile ya mizani nilijiuliza swali lingine. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mghushi hana kazi mahali pasipo na mnunuzi. Anasubu sarafu ya tembo kwa sababu ya kweli inatafutwa. Anagonga nambari kwenye bunduki kwa sababu kuna anayelipa. Basi ukipanga vyote vinavyoghushiwa kuhusu vita ile, nishani, vifungo, kofia, visu, fedha, utakuwa umepata orodha ya vitu ambavyo dunia imeamua vinastahili kukumbukwa. Na kisichoghushiwa?

Jeshi la Kongo katika vita ile lilibebwa vichwani. Wapagazi wanakadiriwa kufika 260,000, ambao waliitwa kutoka vijijini kubeba risasi, chakula, sehemu za mizinga. Hawakuwa na bunduki yenye nambari wala sare yenye vifungo. Kifaa chao cha kijeshi kilikuwa ngata: majani au kitambaa kilichosokotwa duara, kikawekwa utosini chini ya mzigo. Iliponyauka ilitupwa, ikasokotwa nyingine. Hakuna jumba la mnada linalouza ngata ya mwaka 1916. Hakuna anayeighushi. Siku nitakaposikia kwamba mtu amekamatwa akiuza ngata bandia ya vita ya Tabora, nitajua kwamba wapagazi wameanza kukumbukwa.

Nilimweleza mzee haya tuliporudi nyumbani, nikidhani ninamfariji kwa kupoteza dhahabu yake. Alinisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Babu yangu hakwenda na bunduki," alisema. "Alibeba sanduku. Alirudi na shingo imepinda upande. Alipozeeka, akikaa kuota jua, mikono yake ilikuwa inafanya hivi."

Akaiweka sarafu sakafuni. Kile kitenge kilichokuwa kimeifunga akakikunjua, akakivuta kwa urefu, akakizungusha kwenye vidole vyake, akakisokota, akaingiza ncha ndani na kukaza. Ikatoka ngata, duara safi, imara. Mikono haikusita hata mara moja.

Nilimuuliza nani alimfundisha. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani alimfundisha kutembea, akaiweka kichwani, akainuka kwenda kwake. Sarafu ya tembo aliiacha pale barazani.