NANI ALIYEISAFISHA MASHINE INAYOSEMA?

Msomaji mpendwa, simama kidogo. Usiitupe karatasi hii kabla hujaimaliza! Nina swali moja kwako.

Je, umewahi kuiuliza kitu ile mashine iitwayo ChatGPT? Ilitolewa kwa watu wote Novemba 2022. Ukiiuliza, inakujibu kwa adabu kama mtoto aliyelelewa vizuri. Sasa hebu niambie, adabu hiyo ilitoka wapi? NANI ALIYEISAFISHA?

Mashine hiyo ilijifunza kusema kwa kulishwa maandishi mengi sana ya watu, mazuri na machafu. Ili ijue kuyakataa machafu, ilibidi binadamu ayasome kwanza na kuyatia alama, moja moja. Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza kwamba kazi hiyo ilifanyika Kenya, kuanzia Novemba 2021. Vijana walisoma habari za watoto kunajisiwa, za mauaji, za mateso. Walilipwa takriban dola 1.32 hadi dola 2 kwa saa. Waliohojiwa walisema wamebaki na majeraha ya akili.

Kampuni ya OpenAI, wenye mashine, ilisema kuchuja uchafu huo ni hatua ya lazima. Ni kweli! Hata choo lazima kitapishwe. Lakini anayetapisha choo huvaa gambuti na glavu, na jioni anaoga. Akili haina glavu, ndugu yangu. Ulichokisoma mchana kinakurudia usiku.

Utasema, "Si walikubali wenyewe?" Sawa. Lakini mwenye njaa akisema ndiyo, je, ni yeye aliyesema au ni njaa?

Sisemi uitupe simu yako. Hapana! Kosa si kifaa. Kosa ni kufaidi usafi na kumsahau aliyechafuka kwa ajili yako. Julai 2023 baadhi ya vijana hao walipeleka malalamiko yao Bunge la Kenya. Ukisikia wenzao wanadai matibabu na malipo ya haki, usiseme, "Hayanihusu." Yanakuhusu! Umekula matunda ya kazi yao.

Na kama mwanao anafanya kazi ya namna hiyo, usimuulize habari za mshahara tu. Leo hii jioni kaa naye. Muulize, "Mwanangu, usiku unalala?"